Mkono wa Limi

Wanafunzi walipoanza kufunga kompyuta zao Jumamosi ile, Limi alijua kwamba Ndaki angebaki. Alijua kwa jinsi alivyokaa nyuma ya chumba tangu asubuhi, ameinamia skrini, hamtanii mtu, hamtazami mtu. Siku nyingine macho yao yalikuwa yakikutana juu ya vichwa vya wanafunzi, na kila yalipokutana mmoja wao alisahau alichokuwa akisema. Leo Limi aliyatafuta macho yake mpaka akachoka.

Chumba kilikuwa cha chuo kimoja pale Shinyanga mjini. Limi na Ndaki walikiazima kila Jumamosi, wakawakusanya wanafunzi wa hisabati na kuwafundisha kazi ambayo wengi hawakuwahi kusikia kwamba ipo: kuchangia katika programu huria ya hisabati. Programu yenyewe ilitumiwa na watu wa kila nchi bila malipo, na ilijengwa na watu wa kila nchi, wengi wao kwa kujitolea tu. Aliyeona kosa aliruhusiwa kulirekebisha. Alituma marekebisho yake, mkaguzi akayasoma, yakifaa yakaingizwa. Ndaki alikuwa mmoja wa wakaguzi hao. Siku za kazi alifundisha sekondari. Jioni na Jumamosi alikuwa wa programu.

"Anza na kosa dogo," aliwaambia wageni siku yao ya kwanza. "Neno lililokosewa kwenye maelezo, au mfano usiofanya kazi. Nitakaa pembeni yako. Lakini kibodi ni yako."

Hivyo ndivyo alivyokaa pembeni ya Limi wakati Limi yuko mwaka wa mwisho, anahangaika na marekebisho yake ya kwanza. Alihangaika mpaka machozi yakamtoka. Ndaki hakugusa kibodi. Alimpa leso, akaendelea kusubiri. Marekebisho yalipokubaliwa Limi aligeuka kumshukuru, akakuta yule kijana mrefu anamtazama kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwao. Tangu hapo hawakuachana.

Na kesho yake, Jumapili, mjomba wake Ndaki alikuwa anakwenda Nyahanga, Kahama, kwa wazazi wa Limi, kupeleka posa.

Mwanafunzi wa mwisho kutoka alikuwa Asteria, binti wa mkulima wa pamba kutoka Kishapu, mpole, ambaye mtu angeweza kusahau kwamba yumo chumbani.

"Mwalimu, ile nafasi majibu yake ni Jumatatu kweli?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Jumatatu," Ndaki akamjibu.

"Silali siku hizi." Alicheka kwa aibu, akaaga, akaondoka.

Ndaki aliusindikiza mlango kwa macho mpaka ukajifunga. Halafu akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Limi, njoo uone kitu."

Limi alisogea. Hakuketi.

Kwenye skrini palikuwa na kazi ya Violeth, mdogo wake Limi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Watunzaji wa programu walikuwa wametoa nafasi ya mafunzo yenye posho kwa mwanafunzi mmoja mgeni kutoka kundi la Shinyanga, yule ambaye mchango wake mwenyewe ungekuwa bora kuliko wa wenzake. Ndaki ndiye aliyetakiwa kutuma jina.

"Kazi ya Violeth ni nzuri," Ndaki alisema.

"Nilikwambia anaweza."

"Ni nzuri mno. Soma hapa."

Limi hakuhitaji kusoma. Programu ilikuwa inakwama ikiulizwa kigawo kikubwa cha shirika cha namba kadhaa iwapo mojawapo ni sifuri. Kosa lilikuwa limerekebishwa, na chini yake yamewekwa majaribio ya kuhakikisha halirudi. Jaribio la kwanza lilikuwa la sifuri. La pili lilikuwa la tisini na moja.

"Tisini na moja," Ndaki alisema.

"Ni namba tu."

"Ni namba yako. Sijaona mtu mwingine anayeanza na hiyo. Uliniambia mwenyewe, tumekaa stendi tunakula mahindi ya kuchoma, kwamba unaipenda kwa sababu inajifanya namba tasa na watu wanaiamini, kumbe inagawanyika kwa saba."

Limi alijaribu kucheka. "Violeth ni mdogo wangu, Ndaki. Kasikia kwangu."

"Na maelezo unayoanza na 'Kumbuka'? Na jinsi unavyopanga mabano?" Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali. "Nimesoma kazi zako tangu siku ya kwanza. Naujua mkono wako kama ninavyozijua hatua zako kwenye korido. Jana nilivyofungua hii, nilitabasamu kabla sijaona jina la nani limeandikwa juu."

Limi aliangalia dirishani. Nje, bajaji zilikuwa zikipita barabarani na vumbi lake, na mwanamke mmoja alikuwa akipanga nyanya zake upya kwenye meza.

"Ni wewe uliyeandika?"

Aliuliza kwa upole sana. Kama angeuliza kwa hasira Limi naye angekasirika, na pengine katika hasira ukweli ungemponyoka. Upole ule ulimziba mdomo.

"Hapana," alisema.

Ndaki aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea taarifa ya msiba wa mbali.

Ukweli ni kwamba Violeth alikuwa amelala kitandani na malaria wiki ile yote ambayo wenzake walikuwa wakimalizia kazi zao. Na baba yao, Mzee Mageni, aliyekuwa na duka la vifaa vya wachimbaji huko Kakola, karibu na Bulyanhulu, alikuwa ameshatoa kauli: kama hisabati za Violeth hazionyeshi matunda mwaka huu, aache chuo aje asimamie duka. Kuhusu Ndaki, mzee alikuwa na maneno yake vilevile. "Mwanaume anafanya kazi ya bure kwa watu asiowajua," alizoea kusema. "Watoto wake atawalisha asante?" Limi aliona mlango mmoja tu wa kuwatoa wote watatu. Akakaa Alhamisi mchana kwenye kompyuta ya mdogo wake, akaufungua.

"Ndaki, ikubali tu," alisema sasa, akamshika bega. "Kesho mjomba wako yuko kwetu. Baba akisikia Violeth amepata nafasi kwa kazi hii hii anayoiita ya bure, atakuwa na la kuwaambia ndugu zake kuhusu wewe. Unanielewa? Ni kwa ajili yetu sisi."

"Na Asteria?"

Limi akaondoa macho kwenye skrini.

"Asteria nimemrudishia kazi yake mimi mwenyewe, tena na tena. Kila nikimrudishia anakwenda anarekebisha, anairudisha. Jumatatu nimwambie nini?"

"Atapata mwakani."

"Violeth je, hawezi kupata mwakani?"

"Violeth mwakani atakuwa Kakola anauza kamba na tindo."

Ndaki alifunga kompyuta yake. Kiganja chake kiliulalia mkono wa Limi uliokuwa begani kwake.

"Kesho nitakuja na mjomba," alisema hatimaye. "Kabla ya mengine yote nitaongea na Violeth pembeni, mimi na yeye tu. Akinieleza kazi yake mwenyewe, nitawaomba radhi nyote wawili. Na wewe ukikumbuka jambo lolote, nipigie. Saa yoyote."

Limi hakupiga.

*

Nyumbani Nyahanga kulinukia kuku na wali. Mama Limi alikuwa ametandika vitambaa vyake vyeupe vya kufuma juu ya viti vyote, hata vile vya plastiki. Mzee Maige, mjomba wake Ndaki, aliingia kwa kuinama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Alivaa koti la kijivu lililomzidi mabega. Ilionekana wazi kuwa ni la kuazima. Ndaki aliingia nyuma yake na begi lake la kompyuta, kama kawaida yake, mtu asiyeweza kwenda popote bila begi lile.

"Mwadila, baba," alisalimia Kisukuma, akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, kaa."

Mzee Mageni alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Limi, aliyeketi kwenye mkeka na mdogo wake, alijua sababu. Mama alikuwa ameshaongea. Alimwambia mzee asubuhi ile kwamba kazi ya Violeth inasemekana ndiyo ya kwanza.

Ndaki hakupata nafasi ya kumwita mtu pembeni. Maji ya kunawa yalikuwa hayajaletwa, mzee akaanza.

"Mzee Maige, kabla hatujafika kwenye lile lililokuleta, nina la kujivunia. Mwanangu huyu mdogo, unayemwona hapo, amewashinda wenzake wote kwenye ile hesabu ya kompyuta. Mkwe mtarajiwa ndiye mkaguzi. Hebu Ndaki, sema mwenyewe, mjomba wako asikie."

Ndaki alitazama vidole vyake. "Mzee, majibu bado. Ningeomba kwanza niongee na Violeth kidogo."

"Ongea hapa. Leo sisi ni ndugu."

"Ningependa iwe pembeni, mzee."

Mzee Mageni alikuwa mtu wa biashara. Alikuwa amezeeka akisoma nyuso za watu waliomletea mawe wakidai yana dhahabu. Tabasamu lilimtoka usoni. "Kuna nini?"

"Kuna jambo nataka kumuuliza. Kama kazi ile aliifanya mwenyewe."

Nzi alisikika sebuleni. Violeth, aliyekuwa bado amepauka kwa ugonjwa, aliuma mdomo wa chini.

"Unasema mwanangu mwizi?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Kama hakufanya yeye, nani kafanya?"

Macho ya Ndaki, bila yeye kutaka, yalikwenda kwa Limi. Yalikaa pale. Hayakuwa ya kumshitaki. Yalikuwa ya kumwomba. Limi aliyaona yakimwambia kila kitu walichowahi kuambiana, na akatamani mkeka upasuke aingie.

Mzee alifuata macho yale mpaka mwisho wake. "Limi. Ulimfanyia mdogo wako?"

Limi aliona koti la kijivu la Mzee Maige. Aliona mama yake amesimama mlangoni na jagi la maji. Aliona duka la Kakola, Violeth nyuma ya kaunta, siku baada ya siku.

"Hapana, baba. Kafanya mwenyewe."

"Kwa hiyo huyu anatudanganya."

"Amekosea tu."

"Mtu msomi hakosei jambo kama hili mbele ya wazee. Ana sababu. Sababu yake nini?"

Mzee alisubiri. Wote walisubiri. Na Limi, ambaye mpaka hapo angeweza kunyamaza tu, akasikia mdomo wake unafunguka.

"Labda ana msichana wake anayetaka kumpa nafasi hiyo," alisema. "Wapo pale darasani."

Ndaki aliinua kichwa. Alimtazama Limi kama anayemwona mara ya kwanza, akatafuta kitu usoni pake, asikipate.

"Una ushahidi?" Mzee Mageni alimuuliza Ndaki. "Kama unao, utoe hapa hapa. Mtoto wangu huyo hapo, muulize."

Mkono wa Ndaki ulikwenda kwenye begi. Zipu ilifunguka nusu. Angetoa kompyuta ile, angemwomba Violeth aeleze mstari mmoja tu wa kazi yake, na kila kitu kingekwisha. Limi alijua. Violeth naye alijua; vidole vyake vilikuwa vinasokota upindo wa kanga.

Ndaki aliviona vidole vile. Akafunga zipu.

"Sina, mzee."

"Ndaki," mjomba wake alimwita kwa sauti ya kuonya.

"Sina, mjomba. Tunyanyuke." Alisimama, akamgeukia Mama Limi. "Wabeja, mama, kwa mapokezi. Tusamehe kwa usumbufu."

Mzee Maige alisimama taratibu, akavuta mikono ya lile koti, akatoka bila kuaga. Wali ulibaki umefunikwa.

"Niliwaambia tangu mwanzo," Mzee Mageni alianza. "Mtu anayefanya kazi ya bure..."

"Baba," Violeth alisema.

"Nyamaza, wewe umeshaonewa vya kutosha."

"Baba, sikuandika mimi." Alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanateremka tu. "Nilikuwa naumwa. Aliandika dada. Yule alikuwa aniulize swali moja tu, ningeshindwa mbele yenu wote. Umemwona anafunga begi? Alinihurumia mimi."

Mzee alikaa. Alimtazama mwanawe mdogo, halafu mkubwa. Ghadhabu ilimpanda usoni, ikakaa, ikashuka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kuliko ghadhabu.

"Nimemwita muongo ndani ya nyumba yangu," alisema. "Na alikuwa na uwezo wa kuniaibisha, asiutumie." Alimgeukia Limi. "Mfuate. Mimi nitamwomba radhi mjomba wake, hata kwa kumfuata kwake. Lakini lile ulilomsingizia wewe, siwezi kukuombea."

*

Bodaboda ilimfikisha stendi ya Kahama upepo umemvuruga nywele, kanga ya jikoni bado kiunoni. Basi la Shinyanga lilikuwa linapakia. Mzee Maige alishaketi ndani, dirishani, akageuza uso alipomwona. Ndaki alikuwa amesimama kwenye kivuli cha basi na begi lake.

"Violeth amesema," Limi alisema, anahema. "Baba anajua. Anataka mrudi."

"Nimefurahi. Kwa ajili ya Violeth."

"Basi rudi."

Ndaki alitikisa kichwa.

"Nimekosa, Ndaki. Nilitaka kumwokoa mdogo wangu. Nilitaka baba akukubali."

"Hilo la kwanza nilikuwa nimeshalisamehe. Jana ile ile, natembea kurudi nyumbani. Nikasema mtu akimfichia mdogo wake, hilo ni jambo ninaloweza kuishi nalo. Tungelimaliza pole pole." Alihamisha begi bega la pili. "Lakini ulisema nina msichana. Ulijua si kweli. Baba yako alitaka kitu cha kunipiga nacho, ukamtafutia, ukakipata upesi sana."

"Niliogopa."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Nimekaa sebuleni kwenu na mjomba wangu kaazima koti la jirani ili aonekane mtu mbele ya baba yako."

Limi alimshika mkono wa shati. Kondakta alikuwa anaita abiria wa Tinde na Shinyanga. Muuza karanga alipita kati yao, akawatazama, akaendelea.

"Unanipenda?" Limi aliuliza.

"Ndiyo."

Alijibu papo hapo, bila kufikiri, na hapo ndipo Limi alipoanza kulia.

"Basi si inatosha?"

"Nakupenda, ndiyo maana sitaki kukudanganya kwamba nitasahau. Tutaoana, siku tutagombana, maana watu hugombana. Na mimi nitakuwa nakuangalia mdomo, nasubiri utatafuta nini safari hii. Hutafurahi kuolewa na mtu wa namna hiyo, Limi. Na mimi sitajipenda."

"Nitabadilika."

"Naamini. Tatizo ni mimi, nitakayekuwa naogopa."

Kondakta aligonga bodi ya basi. Ndaki aliushika ule mkono uliong'ang'ania shati lake, akaufungua taratibu, kidole baada ya kidole, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuumiza. Akaushikilia ukiwa wazi. Halafu akauachia, akapanda.

Limi alibaki amesimama pale mpaka mahali lilipokuwa basi pakaegeshwa basi jingine.

*

Jumatatu jina la Asteria lilitumwa. Ndaki aliwaandikia watunzaji wa programu akaomba kazi za wanafunzi wa Shinyanga zikaguliwe na mtu mwingine, sababu hakuitaja. Baadaye akahamia kufundisha shule moja upande wa Bulyanhulu. Mzee Mageni alimfuata Mzee Maige mpaka kwake, akaomba radhi, akasamehewa. Posa haikurudi.

Limi alidhani kundi la Jumamosi lingekufa. Lakini Jumamosi iliyofuata wanafunzi walikuja kama kawaida, wakakaa, wakamtazama. Akasimama mbele yao akawaambia alichokifanya, jambo kwa jambo. Baadhi hawakurudi tena. Asteria, aliyekuwa na haki ya kuondoka kuliko wote, aliwasha kompyuta yake, akasema, "Mwalimu, kuna mgeni hapa hajui aanzie wapi." Limi akaenda kukaa na yule mgeni. Alifundisha hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila mlango ulipofunguliwa na mtu aliyechelewa aligeuka, akakuta si Ndaki.

Violeth hakupelekwa Kakola. Baba yake hakueleza kwa nini. Alilipa ada tu, akaacha kusema habari za kazi ya bure.

Ulipita karibu mwaka. Siku moja ya likizo ya chuo, mchana, wote wako nyumbani Nyahanga, Violeth aliingia jikoni ameshika simu kwa mikono miwili. Kazi yake juu ya kosa lile lile la sifuri, ya kwake kweli safari hii, ilikuwa imekubaliwa. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye alimrudishia kazi hiyo mpaka akachoka.

"Nataka nimwambie kaka Ndaki," alisema. "Niruhusu, dada."

Limi alikuwa anamenya viazi vitamu. "Mpigie. Mimi sina neno."

Violeth aliweka simu juu ya stuli, akafungua spika. Iliita. Na sauti ile ikaingia jikoni.

"Haloo?"

"Shikamoo, kaka Ndaki. Violeth hapa."

"Marahaba. Violeth! Habari za siku nyingi?"

Akamweleza. Ndaki alisikiliza, halafu akauliza kwa sauti yake ileile ya darasani, "Ukikuta sifuri kwenye orodha, kwa nini usiiruke tu?"

"Kwa sababu zote zikiwa sifuri, ukiziruka zote hubaki na kitu. Programu inakwama tena. Nimeanza na sifuri kama jibu, halafu nazichukua namba moja moja."

"Na zikiwa hasi?"

"Naondoa alama kwanza."

Ndaki alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha furaha halisi, na kisu cha Limi kikasimama katikati ya kiazi.

"Hongera sana. Hii ni yako." Akashusha sauti. "Dada yako hajambo?"

Violeth alimtazama dada yake. Limi alitikisa kichwa, akatamka bila sauti: mwambie sipo.

Violeth aliendelea kumtazama.

"Yupo," alisema. "Tumekaa naye jikoni. Amesema nikwambie hayupo."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto mbali, kama wanacheza mpira.

"Asante kwa kuniambia," Ndaki alisema. "Mpe simu, kama atapenda."

Limi alifuta mikono kwenye kanga, akazima spika, akaiweka simu sikioni. Violeth alitoka nje.

"Ndaki."

"Limi."

Waliulizana hali. Waliulizana juu ya mama zao, na mvua, na afya ya Mzee Maige. Maneno yaliisha haraka.

"Mama anapeleka mshenga Ngudu mwezi ujao, kuniposea," Ndaki alisema. "Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa watu."

Limi aliegemea ukuta. "Hongera. Ni nani?"

"Mwalimu mwenzangu. Wa Kiswahili. Kompyuta hataki hata kuisikia."

Karibu wacheke, wote wawili. Halafu hawakucheka.

"Nikuulize kitu kimoja," Limi alisema. "Ile Alhamisi, kabla sijaandika chochote. Ningekupigia nikakwambia nataka kumfanyia Violeth. Ungesemaje?"

"Ningekukatalia."

"Najua. Halafu?"

"Ungeninunia. Tungeenda kukaa na Violeth, mimi na wewe, mpaka aelewe, na pengine asingewahi. Baba yako angenikataa. Ningerudi tena, angenikataa tena." Nyuma yake watoto walishangilia goli. "Na leo ningekuwa hapo jikoni."

Kengele ya shule ililia kwake. Alisema anaitwa. Limi alisema sawa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata, na mwishowe salio la Violeth ndilo lililokata.

Limi aliketi, akashika kisu, akakiweka chini. Uani mama yake aliuliza kama viazi vimeshabandikwa motoni.

"Bado, mama," alisema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Bado kidogo."